Arusha inahitaji matairi ya masika, si mabaki ya theluji

Baadhi ya magari yaliyotumika yanayoshushwa Bandari ya Dar es Salaam kutoka Japani hufika Arusha yakiwa bado na matairi ya theluji. Gari lililouzwa mnadani Sapporo au Sendai, miji ambayo barabara zake huganda majira ya baridi, linaweza kupakiwa melini na matairi yaleyale lililokuwa nayo siku ya mnada. Mnunuzi wa Sakina au Njiro analikagua, anaona kashata nene zenye vichanjo vingi vyembamba, na anafurahi kwamba amepata gari ambalo matairi yake hayajaisha. Wiki chache baadaye anasafiri nalo kwenda Dar es Salaam, anapita kwenye joto la Same na Mombo, na chini ya gari lake kuna mpira uliotengenezwa kwa ajili ya barafu.

Wakati huohuo, masika yakianza mwezi Machi, gari la utalii linaweza kuingia Ngorongoro na matairi yaliyokaribia kipara, kwa sababu mwenye gari anasubiri msimu wa wageni ndipo anunue mapya. Mambo haya mawili yana chanzo kimoja. Soko la matairi Arusha linauza ukubwa na bei. Haliuzi tairi kwa kufuata ardhi na majira, ilhali nchi za theluji zimejenga biashara nzima, pamoja na sheria zake, juu ya jambo hilohilo.

Tairi la theluji lilivyo

Tairi la kawaida limechanganywa kwa mpira unaostahimili joto. Joto likishuka chini ya takriban nyuzi 7 za Selsiasi, mpira huo huanza kukakamaa na kushindwa kushika barabara vizuri, hata kama theluji haijaanguka. Tairi la theluji hutengenezwa kwa mchanganyiko laini zaidi, wenye silika nyingi, unaobaki mnyumbufu kwenye baridi kali. Juu ya kashata zake hukatwa vichanjo vyembamba mamia kwa mamia. Vichanjo hivyo hufunguka tairi linapokanyaga, vikaing'ata theluji na kuufyonza utando wa maji unaolala juu ya barafu.

Elimu hii haikuja kwa siku moja. Kiwanda cha Kifini ambacho leo kinajulikana kwa jina la Nokian kilitengeneza tairi la theluji la malori mwaka 1934, na mwaka 1936 kikatoa la magari madogo lililoitwa Hakkapeliitta. Kwa miongo kadhaa watu wa nchi za baridi walitumia pia matairi yenye misumari ya chuma. Huko Japani misumari hiyo ilikwangua lami na kujaza miji vumbi, hadi mwaka 1990 ikapitishwa sheria ya kuizuia. Kampuni za Kijapani zilikwisha kujiandaa: Bridgestone ilikuwa imetoa tairi lake la Blizzak mwaka 1988, la theluji lakini lisilo na misumari. Matairi ya aina hiyo ndiyo tunayoyakuta kwenye magari yanayofika kwetu, na mengi yameandikwa ubavuni neno STUDLESS.

Mtanzania anayeishi Stockholm, Toronto au Minneapolis hujifunza somo hili katika mwaka wake wa kwanza. Nchini Sweden, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 31 Machi, gari dogo haliruhusiwi kutembea kwenye barabara yenye hali ya baridi bila matairi ya theluji. Jimbo la Quebec nchini Kanada linayalazimisha kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi. Ujerumani haikuweka tarehe. Sheria yake inaangalia hali ya barabara, na tangu Oktoba 2024 inakubali tu tairi lenye alama ya mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake.

Nyuma ya sheria hizo pana fedha nyingi. Mwenye gari anamiliki seti mbili za matairi. Mara mbili kwa mwaka anakwenda gereji kubadilisha, na seti isiyotumika anailipia ada ya kutunziwa ghalani. Gereji inajua mwezi gani itajaa, muuzaji anajua mwezi gani aagize, na bima na polisi wote wanafuata kalenda moja. Usalama umegeuka kuwa mapato yanayotabirika. Hilo ndilo la kuiga kutoka kwao.

Lami ya moto

Mchanganyiko laini uletao uhai kwenye barafu huleta hatari kwenye joto. Arusha ipo takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hata mwezi Julai usiku wa mjini kwa kawaida haushuki hadi nyuzi 7. Ukiteremka kuelekea Moshi, Same na Segera, lami hupata moto kupita hewa yenyewe. Hapo kashata laini, zilizokatwakatwa vichanjo, huyumba chini ya uzito wa gari. Breki ikikanyagwa gari huchukua umbali mrefu zaidi kusimama, usukani huitikia kwa kuchelewa, na mpira huisha haraka.

Kwa gari lililotumika, umri wa tairi huongeza tatizo. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililopita miaka 8 tangu kutengenezwa. Tanzania haikuweka kikomo cha namna hiyo, bali inayatoza magari ya zamani ushuru wa ziada. Kwa hiyo magari yetu mengi huja na umri mkubwa, na matairi yanaweza kuwa na umri huohuo. Mpira huzeeka hata ukikaa bure. Jua na hewa huukausha, hupasuka nyufa ndogo ubavuni, na tairi la theluji lililozeeka hupoteza hata ule ulaini uliokuwa sifa yake. Kashata ndefu hazionyeshi lolote kati ya hayo.

Mnunuzi anaweza kujikinga kwa kusoma ubavu wa tairi. Tarakimu nne mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT zinataja wiki na mwaka wa kutengenezwa: 3519 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Neno STUDLESS linamaanisha tairi la barafu, na gari la Arusha halilihitaji. Alama ya mlima na chembe ya theluji inadai uangalifu zaidi, kwa sababu baadhi ya matairi imara ya barabara mbovu, kama BFGoodrich KO2 linalofahamika kwa wenye magari ya safari, nayo huwa na alama hiyo. Herufi M+S, zinazoashiria tope na theluji, hupatikana kwenye matairi mengi ya magari ya juu na hazitoshi kulikataa tairi. Asiye na hakika na awaulize watu wawili tofauti kabla ya kulipa.

Mji uliowahi kutengeneza matairi yake

Inauma zaidi kuona Arusha ikitegemea mabaki ya wengine ukikumbuka kwamba mji huu uliwahi kutengeneza matairi. Kampuni ya General Tyre East Africa ilianzishwa mwaka 1969 kwa ubia wa Serikali ya Tanzania na General Tire ya Marekani, na uzalishaji ukaanza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1987 Continental ya Ujerumani iliinunua General Tire na kuurithi ubia wa Arusha. Serikali ilishika asilimia 74 ya hisa, mbia asilimia 26. Mradi huo ulikuwa na mizizi hadi mashambani, kwani mpira ulipandwa Kihuhwi wilayani Muheza na Kalunga mkoani Morogoro.

Kiwanda kilikuwa na faida ambayo haipatikani kwenye kontena: mafundi wake waliishi kwenye barabara zilezile ambazo tairi lao lingekanyaga. Dereva wa lori aliyelalamika kuhusu ubavu uliopasuka kwa mawe ya Makuyuni alikuwa na mlango wa kwenda kubisha. Soko la matairi ya bei nafuu lilipofunguka, mitambo ikachakaa na madeni yakaongezeka. Mwishoni mwa muongo wa 2000 uzalishaji ulisimama. Mpango wa kukifufua umezungumzwa bungeni na majukwaani kwa miaka mingi. Nairobi nako hali haikuwa tofauti: mwaka 2016 Sameer Africa, mrithi wa Firestone East Africa, ilifunga kiwanda chake.

Leo tairi la Arusha hutoka China, India, Japani, Thailand na kwingineko, hupita Dar es Salaam na kutozwa ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18. Mnunuzi ana milango mitatu. Wa kwanza ni duka la matairi mapya, lenye risiti na mashine za balansi na alaimenti. Wa pili ni wauzaji wa matairi ya mitumba, ambao wengi wapo karibu na gereji, hasa pande za Unga Limited. Wa tatu ni kijiwe cha pancha, ambako fundi huziba, hujaza upepo, na pengine huwa na tairi moja au mawili ya kuuza. Mlango huu wa tatu ndio ulio karibu zaidi na mwenye daladala, bajaji na bodaboda, na ndiko ushauri mwingi wa matairi hutolewa. Elimu isiyofika kijiweni haijafika sokoni.

Hesabu ya kilomita

Watu hukimbilia mitumba kwa sababu ya bei, na hakuna wa kuwalaumu. Lakini bei ya tairi inapaswa kugawanywa kwa kilomita litakazotembea. Chukua mfano wa kufikirika. Tairi jipya linauzwa shilingi 300,000 na linatembea kilomita 50,000, kwa hiyo kila kilomita inagharimu shilingi 6. La mtumba linauzwa shilingi 120,000 na linatembea kilomita 15,000, sawa na shilingi 8 kwa kilomita. Kwa gari la matairi manne, kilomita 50,000 zitamgharimu mwenye mapya shilingi 1,200,000, na mwenye mitumba takriban shilingi 1,600,000. Hapo hatujahesabu pancha, siku gari liliposimama, wala mafuta.

Kila mfanyabiashara aweke tarakimu zake mwenyewe. Kwa gari linalotembea kidogo ndani ya mji, mtumba mzuri wa umri mdogo unaweza kushinda hesabu. Kwa gari la abiria linalokwenda Babati, Moshi au Namanga kila siku, ni vigumu sana ushinde. Tatizo la mwenye daladala ni kwamba fedha za matairi manne mapya hazipatikani kwa mara moja, ndiyo maana hununua moja moja kila moja linapokufa. Hapa pana nafasi ya biashara ambayo vyama vya akiba na mikopo na wauzaji wa matairi hawajaitumia ipasavyo: mkopo mdogo wa seti nzima, unaolipwa kwa hesabu ya wiki. Dereva tayari anapeleka hesabu kwa tajiri kila siku, na utaratibu wa kulipa kidogo kidogo anaujua vizuri kuliko mtu yeyote.

Magari ya safari

Sehemu ya soko inayojua zaidi thamani ya tairi ni utalii. Tanzania ilipokea zaidi ya watalii milioni 1.8 kutoka nje mwaka 2023, na kwa wengi wanaokwenda mbuga za kaskazini, Arusha ndipo safari inapoanzia. Gari lao kwa kawaida ni Land Cruiser lililorefushwa na kuwekewa paa la kufunguka katika karakana za hapahapa, kama Hanspaul Automechs. Likiwa na wageni sita au saba, mizigo, maji na spea tairi mbili, uzito wake si mdogo. Ndiyo maana ukubwa wa 7.50R16, tairi jembamba lenye ubavu mgumu, umedumu kwa miongo mingi, ingawa kampuni nyingi sasa hupendelea matairi mapana zaidi.

Ndani ya siku nne gari hilo hukanyaga lami hadi Karatu, udongo mwekundu wa utelezi kwenye ukingo wa Ngorongoro ulio juu ya mita 2,000 wenye ukungu na manyunyu, mawe makali ya njia ya kwenda Serengeti, kisha udongo mweusi wa mbuga ambao mvua ikinyesha hujaza kashata zote na kuligeuza tairi kuwa laini kama la kipara. Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro huruhusu magari yenye uwezo wa kuendesha magurudumu yote manne tu kuteremka kreta. Lakini magurudumu manne yanayoendeshwa kwa nguvu hayasaidii kama hakuna hata moja linaloshika. Kwenye mteremko wenye utelezi, injini inakuwa haina kazi, na kinachobaki kati ya gari na bonde ni eneo la mpira lenye ukubwa wa kiganja cha mkono chini ya kila gurudumu.

Tairi la tope lina kashata zilizoachana kwa nafasi, ili udongo urushwe nje gurudumu linapozunguka. Kwenye lami lina kelele, linakula mafuta zaidi na linaisha upesi. Tairi la barabara mchanganyiko ni suluhu ya kati, na kwa kampuni nyingi ndilo chaguo la busara kwa mwaka mzima, ila liwe na kashata za kutosha linapoingia masika. Kinyume chake ndicho kinachotokea mara nyingi. Mapato ya Julai hadi Oktoba hununua matairi, matairi yanaisha kwenye msimu wa wageni na vuli, na Machi inafika yakiwa yamechoka, fedha nazo hakuna. Gari linaingia kwenye miezi migumu kuliko yote na matairi mabovu kuliko yote.

Masika ni majira yetu

Mlima Meru una urefu wa zaidi ya mita 4,500, na kwa nadra kileleni huonekana weupe wa theluji. Hakuna gari linalofika huko. Hatari kwa magari yanayouzunguka mlima huo ipo chini, kwenye barabara za vijiji vya Ilboru, Sambasha, Nkoaranga na Olmotonyi, ambako udongo wa volkano ukilowa hufanya miteremko iteleze vibaya. Kahawa, maziwa, mboga, wagonjwa na wanafunzi hupita hapo kila siku, masika na kiangazi.

Mkoa huu unajua gharama ya barabara zilizolowa. Tarehe 6 Mei 2017 basi la Shule ya Lucky Vincent lilianguka bondeni wilayani Karatu, kwenye mteremko, siku ya mvua, na kuua wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Kuikumbuka ajali hiyo si kudai kwamba tairi ndilo lililoisababisha. Ni kukumbuka kwamba mwezi Mei barabara zetu hazisamehe, na kwamba kila kinachoweza kukaguliwa kabla ya safari kinapaswa kukaguliwa.

Kashata ndizo zinazotoa maji chini ya tairi. Tairi jipya la gari dogo lina kina cha takriban milimita 8. Ndani ya mifereji yake kuna vinundu vidogo vyenye urefu wa milimita 1.6, na kashata zikilingana navyo, tairi limekwisha. Nchi nyingi zimeweka 1.6 kuwa kikomo cha kisheria cha kiangazi, lakini kwenye theluji Sweden inataka angalau milimita 3, na Austria milimita 4. Wamekubali kwamba tairi linalofaa Julai laweza lisifae Januari. Kwetu nako linalofaa Januari laweza lisifae Aprili.

Kinachoweza kufanyika kabla ya Machi

Februari iwe mwezi wa matairi Arusha. Polisi wa Usalama Barabarani tayari wana utaratibu wa kukagua magari katika Wiki ya Nenda kwa Usalama, na LATRA inasimamia leseni za magari ya abiria. Ukaguzi wa kina cha kashata kabla ya masika, kwa mabasi ya shule na daladala kwanza, hauhitaji mtambo wowote mkubwa, kwani kipimo chake kinaingia mfukoni. TBS, ambayo ina dhamana ya viwango vya bidhaa zinazoingia nchini, ingefanya jambo jema kumtaka kila muuzaji wa gari au tairi lililotumika aeleze kwa Kiswahili, kwa maandishi, mwaka wa kutengenezwa kwa tairi na kama ni la theluji.

Chama cha mawakala wa utalii, TATO, chenye makao yake mjini hapa, kingeweza kukubaliana na wanachama wake juu ya kina cha chini cha kashata kwa gari linaloingia Ngorongoro na Serengeti kati ya Machi na Mei. Kampuni za bima zingeweza kumpunguzia ada anayeonyesha risiti ya matairi mapya ya Februari. Muuzaji wa matairi akijua kwamba wanunuzi wanakuja mwezi huo kila mwaka, ataagiza mapema na kwa wingi, na bei itakuwa na nafasi ya kushuka. Hivyo ndivyo nchi za baridi zilivyofanya: zilitangaza majira, soko likajipanga kuyahudumia.

Kiwanda cha General Tyre kikifufuka, mji huu utakuwa na la kukiambia kuhusu udongo na mawe yake. Lakini abiria wa masika yajayo hawezi kukisubiri. Anahitaji mwenye gari apime kashata mwezi Februari, akatae tairi la barafu hata likiuzwa kwa bei ya kutupa, na ahesabu gharama kwa kilomita. Fedha ya kufanya hayo ipo ndani ya biashara yenyewe, kwa sababu leo tunailipa kidogo kidogo kwenye pancha, kwenye magari yaliyokwama na kwenye vitanda vya hospitali.